Betri ya 20,000 mAh na betri ya 7 Ah: ipi ina umeme mwingi?

Tuliza

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mnitoe tongotongo kwenye suala la betri.

Nina ruta ya intaneti, adapta yake imeandikwa 12V 1A. Nataka umeme ukikatika iendelee kuwaka. Mkononi nina vitu viwili. Cha kwanza ni pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh, pamoja na ule waya wa kupandisha volti kutoka 5V ya USB hadi 12V. Cha pili ni betri ya asidi, ile ya boksi jeusi iliyofungwa moja kwa moja, haiongezwi maji. Ubavuni ina maandishi 12V 7Ah/20HR.

Najua 7 Ah ni sawa na 7,000 mAh. Kwa hiyo kwa hesabu zangu pawabenki ni karibu mara tatu ya hiyo betri. Lakini betri ina kilo mbili na ushee, na pawabenki inaingia mfukoni! Hapo ndipo akili inagoma.

Halafu kuna hili. Simu yangu ni 5,000 mAh. Nilitegemea pawabenki iijaze mara nne, lakini hata ya tatu inafika kwa kusuasua. Nimepigwa? Na hii mAh naigeuzaje iwe kitu cha kuniambia ruta itawaka saa ngapi?

Kikwangua

20,000 na 7,000, mbona jibu liko wazi mkuu. Chomeka pawabenki ulale.

FundiSeli

Usilale kwanza.

Mimi naunganisha pakiti za betri za baiskeli za umeme, kwa hiyo hizi namba nashinda nazo kutwa. Na kama kuna namba inayopotosha wanunuzi kuliko zote kwenye hii kazi ni mAh ikiandikwa peke yake bila volti.

mAh (miliampea-saa) inahesabu chaji. Inakwambia ampea kiasi gani zitatoka kwa muda gani, basi. 7 Ah ni kama kusema nusu ampea kwa saa 14. Haikwambii kila ampea inatoka ikiwa na msukumo kiasi gani, na msukumo huo ndio volti. Ampea moja kwenye volti 12 inafanya kazi zaidi ya mara tatu ya ampea moja kwenye volti 3.7. Fikiria tangi mbili za maji, moja iko chini sakafuni na nyingine iko juu ya mnara: lita unaweza kuzilinganisha, lakini ukitaka maji yazungushe kitu, urefu wa mnara lazima uingie kwenye hesabu.

Kwa hiyo ili upate nishati unazidisha:

Wh = Ah × V

Ukiwa na mAh, gawanya kwa 1,000 kwanza. Hiyo Wh ni wati-saa, na wati-saa 1,000 ndiyo kWh moja, ileile inayohesabiwa na mita ya umeme.

Sasa njoo kwenye kigingi: volti ipi? Wengi wanachukua 5V kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye mlango wa USB. Hapana. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya pawabenki imehesabiwa kwenye seli za ndani, kabla umeme haujapandishwa kwenda 5V. Seli za lithiamu za kawaida huandikwa 3.6V au 3.7V. Za simu mpya mara nyingi ni 3.85V hivi. Lithiamu ya LFP (yenye chuma na fosfeti ndani) ni 3.2V, Ni-MH ni 1.2V, na ya asidi ni 2V kwa kila seli, ndiyo maana betri yako ya 12V ina seli sita ndani.

Pawabenki: 20 × 3.7 = 74 Wh
Betri ya asidi: 7 × 12 = 84 Wh

Unaona? Yenye "7,000" imeipita yenye "20,000". Akili yako haikukosea kugoma, ingawa kilo zote zile hazitokani na nishati. Ndani ya betri ya asidi kuna madini ya risasi, nayo ni mazito tu kwa asili yake.

Nikupe mfano wa hapa mezani kwangu. Nina seli 40 za 18650 (kipenyo milimita 18, urefu milimita 65), kila moja 3,400 mAh kwa 3.6V, yaani 12.24 Wh. Nikizifunga zote sambamba, napata betri ya 3.6V yenye 136,000 mAh. Nikizifunga kumi kumi kwa mfululizo, mistari minne, napata 36V yenye 13,600 mAh. Seli ni zilezile, uzito uleule. Muuza pawabenki angeandika namba ya kwanza, muuza baiskeli angeandika ya pili. Zidisha upande wowote unaotaka: 136 × 3.6 ni 489.6 Wh, na 13.6 × 36 ni 489.6 Wh. Wh haibadiliki kwa jinsi ulivyofunga seli. mAh unaweza kuichezea unavyotaka.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Kwenye matumizi, mambo yanageuka.

Pawabenki inapandisha 3.7V kwenda 5V, na kupandisha huko kuna gharama. Sehemu ya nishati inaishia kuwa joto. Nzuri inakupa kama asilimia 85 hivi: 74 × 0.85 ni karibu 63 Wh. Waya wako wa kwenda 12V nao unapandisha tena na kula asilimia 10 au zaidi. Unabaki na 57 Wh hivi za kuingia kwenye ruta.

Betri ya asidi haina huo mzunguko, inaingia moja kwa moja. Ina tatizo lake lingine. Ile 20HR maana yake 7 Ah zimepimwa kwa kuikamua taratibu, ampea 0.35 kwa saa 20, hadi ishuke 10.5V. Ukiikamua haraka, ampea-saa zenyewe zinapungua. Mjerumani mmoja, Wilhelm Peukert, alitoa kanuni ya jambo hili mwaka 1897 na mpaka leo bado tunaitumia. Ukiimaliza ndani ya saa 1, utabahatika kupata asilimia 60 ya zile 7 Ah. Kwa ruta hali si mbaya hivyo, maana ruta inakula kidogo. Ila betri hizi hazipendi kukaushwa. Ukiishusha hadi chini kila umeme ukikatika, itakufa mapema sana. Mimi humwambia mtu ahesabu nusu: 42 Wh.

Ndiyo hivyo. Kwenye karatasi asidi imeshinda, kwenye matumizi ya kila siku pawabenki inaipita. Kikwangua amepata jibu kwa njia ambayo ingemfelisha mtihani.

Saa ngapi? Gawanya Wh kwa wati. Usichukue 12V 1A useme ni wati 12. Hiyo ni kiwango cha juu ambacho adapta inaweza kutoa. Ruta nyingi za nyumbani zinakula nusu ya hapo au pungufu. Kwa wati 6: pawabenki 57 ÷ 6 ni saa 9 na nusu, asidi 42 ÷ 6 ni saa 7.

Kuhusu simu hujapigwa. 5 × 3.85 ni 19 Wh na ushee. 63 gawanya kwa hiyo ni mara 3.3, na simu yenyewe inapoteza kiasi ikiwa inachajiwa, hasa kama umeishika unaangalia video. Ukibaki na karibu tatu, uko sawa kabisa.

Binti Ohm

FundiSeli asante kwa darasa. Nina swali la kuchokonoa kidogo. Seli ya lithiamu ikijaa napima 4.2V kwa multimita. Kwa nini tusizidishe kwa 4.2? Hiyo 3.7 imetoka wapi?

FundiSeli

Swali zuri, dada. 4.2V ni ya mwanzo tu. Ukianza kuitumia inateremka haraka kwenda 4.0, halafu inakaa muda mrefu kati ya 3.8 na 3.5, halafu ikikaribia mwisho inaporomoka hadi 3.0, au 2.5 kwa seli nyingine. 3.7 ni wastani wa safari nzima. Ukizidisha kwa 4.2, zile 20,000 mAh zitakupa 84 Wh, umeongeza asilimia 13 ambazo hazipo.

Hesabu halisi kabisa ni kuzidisha volti kwa ampea kila wakati seli inapotoa umeme, kisha kujumlisha zote. Kile kipimio kidogo cha kuchomeka kwenye USB ndicho kinachofanya hivyo. Kina mistari miwili, mAh na mWh (au Wh). Watu wanasoma mAh kwa mazoea. Soma wa pili. Mfano, kikisema pawabenki imetoa 12,000 mAh kwa wastani wa 5.05V, na mstari wa pili ukasema 60,600 mWh, hiyo ya pili ndiyo unaweza kuilinganisha na kitu chochote duniani bila kuuliza volti.

Kwa LFP kuzidisha kunakaribia ukweli zaidi, kwa sababu volti yake inakaa palepale kwenye 3.2 na 3.3 karibu safari nzima. Ila uzuri huo una adha yake: ukiipima katikati huwezi kujua imebaki asilimia 70 au 40. Nimeona watu wakibishana na multimita kwa ajili hiyo.

Daftari Jeusi

Mimi ni mwanafunzi. Mwalimu anataka jibu kwa jouli, na hizi Ah zinanichanganya. Nafanyaje?

FundiSeli

Ampea moja ni kulombi moja kwa sekunde, na saa ina sekunde 3,600. Kwa hiyo 1 Ah ni kulombi 3,600. Chukua betri ya Tuliza: 7 × 3,600 ni kulombi 25,200. Zidisha kwa volti 12, unapata jouli 302,400.

Au pitia kwenye Wh: 84 × 3,600, jouli 302,400. Zikitofautiana kuna mahali umeteleza, na mara nyingi ni kwenye kugawanya mAh kwa 1,000.

Na kwa kuwa uko shuleni, hili nalo lifanyie hesabu. Kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunataka jouli 4,186 × 80, karibu 335,000. Betri yenye kilo mbili, ikiwa imejaa na isipoteze chochote, haiwezi kuchemsha lita moja ya maji! Pawabenki ndiyo kabisa, ina jouli 266,400. Wanaoniuliza kama pakiti ndogo inaweza kuendesha birika la umeme huwa nawapa hesabu hii, wanaondoka kimya.

Kikwangua

Sawa, nimekubali kuchapwa hadharani. Sasa nisaidie na mimi. Nina tochi, seli zake ni hizo 18650, zimeandikwa 9,900 mAh. Kumbe nina hazina humu ndani?

FundiSeli

Una mzani wa jikoni? Pima seli moja.

Seli ya ukubwa huo ina gramu kati ya 45 na 50. Yangu ya 12.24 Wh ina gramu 48, sawa na 255 Wh kwa kilo, na hapo ni seli bora. Hiyo yako ingekuwa 9.9 × 3.7, yaani 36.6 Wh. Kwa gramu 48 ingekuwa zaidi ya 760 Wh kwa kilo, mara tatu ya seli nzuri. Hayupo anayeuza kitu hicho kwa ajili ya tochi. Na ukikuta ina gramu 30 na kitu, ndani huenda kuna seli ndogo na nafasi iliyojazwa vitu vingine.

Kwa Tuliza pia: 74 Wh kwa 250 Wh kwa kilo ni karibu gramu 300 za seli peke yake, bado hujaweka ganda na saketi. Pawabenki ya 20,000 mAh ikiwa na gramu 180, usipoteze muda kuisoma lebo.

Tuliza

Nimepima, pawabenki ina gramu 420. Na nimechukua tochi nikasoma yale maandishi madogo ya chini, kumbe yapo: 74Wh, halafu "uwezo wa kutoa 12,600 mAh 5V". Hii ya pili ndiyo nini tena?

FundiSeli

Hiyo ndiyo namba ya mtengenezaji mkweli, ndiyo maana wameificha chini. 12.6 × 5 ni 63 Wh. Ni zile 63 nilizokupigia juu. Hii wamehesabu kwenye mlango wa USB baada ya upotevu, kwa hiyo hapa unazidisha kwa 5 wala si 3.7. mAh mbili tofauti kwenye ganda moja na zote ni za kweli, kwa sababu kila moja ina volti yake.

Msafiri wa Dirishani

Naomba kuingilia. Hii hesabu ndiyo inayotumika hata kwenye ndege? Nina ya 30,000 mAh.

Binti Ohm

Ndiyo, ndege zinaangalia Wh. Chini ya 100 Wh unabeba kwenye mzigo wa mkononi, kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, zaidi ya 160 haipandi na abiria. Na isiwekwe kwenye begi la kupakiwa chini. Yako ni 30 × 3.7, yaani 111 Wh, omba ruhusa mapema. Ndiyo maana sokoni zipo nyingi za 26,800 mAh: 26.8 × 3.7 ni 99.2. Angalia pia lebo isomeke, maana mkaguzi akikuta imefutika anaweza kuikatalia hapohapo. Na baadhi ya mashirika yana masharti yao ya ziada, soma ya ndege unayopanda.

Tuliza

Nimerudi na vipimo. Nimepima ruta kwenye waya wa 12V, inakula ampea 0.42. Kwa hiyo 12 × 0.42 ni wati 5. Pawabenki 57 ÷ 5 ni saa 11 na dakika kadhaa. Asidi 42 ÷ 5 ni saa 8 na kitu.

Shida ni kwamba pawabenki yangu nikiichomeka kwenye chaja huku inatoa umeme, inajizima kwanza sekunde moja na ruta inaanza upya. Kwa hiyo nimeona niiache asidi ikae kwenye chaja yake muda wote, ruta ichote hapo. Saa 8 zinanitosha. Kuna la kuangalia?

FundiSeli

Uamuzi mzuri. Asidi ndiyo imezaliwa kwa kazi ya kukaa imejaa ikisubiri, lithiamu haipendi hivyo.

Chaja iwe ile inayojishusha yenyewe ikishajaza, ibaki kati ya 13.5V na 13.8V. Ikibaki juu ya 14 muda wote utaikausha betri. Maana yake pia ruta itakuwa inapata 13.8V umeme ukiwepo, na ikishuka sana itapata chini ya 12. Ruta nyingine zinavumilia, nyingine hazivumilii. Kama huna uhakika weka katikati kisaketi cha kupandisha na kushusha volti kilichofungwa kwenye 12V. Kitakula asilimia 10 hivi, kwa hiyo saa zako 8 zishushe kwenye 7 na nusu.

Fyuzi ya 2A kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Ruta inakula nusu ampea, lakini hiyo betri waya zikigusana inatoa makumi ya ampea kwa mpigo, na waya mwembamba wa ruta utawaka kabla hujafika.